Malalamiko: gari lenye hitilafu ya baridi kupimwa likiwa na joto

Kwa Meneja,
Karakana ya Magari,
Edmonton, Alberta.

Ndugu Meneja,

Kwa heshima, naomba barua hii uisome mwenyewe wala usimpe msimamizi wenu wa kaunta akujibie, kwa kuwa ndiye ninayemlalamikia. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu dirishani mmebandika kuwa mnahudumia kwa Kiswahili.

Gari nililileta Januari, wiki ile baridi ilipofika nyuzi 30 chini ya sifuri, na kwenye kadi ya kazi yakaandikwa maombi yangu kwamba lilale nje na lisiwashwe mpaka fundi alipime likiwa baridi. Injini isiyo na hitilafu ikiwashwa kwenye baridi huanza kwa mizunguko inayozidi 1,000 kwa dakika, kisha hushuka taratibu kadiri inavyopata joto. Langu lilikuwa kinyume: mshale wa mizunguko ulianguka hadi karibu 400, usukani ukatetemeka, likazima, likishapata joto, mngurumo wake ulitulia kana kwamba halijawahi kuugua. Ninyi mkalilaza ndani, kwenye hita, mkaliwasha asubuhi, mkaandika "halina tatizo" na kunitoza dola 180 za upimaji.

Nilipouliza kwa nini halikulala nje, msimamizi wenu alicheka mbele ya wateja akasema, "Mama, gari ni zima. Ambaye hajazoea baridi ni wewe." Kisha akanirushia funguo.

Na kuna suala la plagi. Kabla ya hapo, nilipolileta mara ya kwanza, mlibadilisha plagi zote nne bila hata kunipigia simu, ilhali mnajua fika kwamba Alberta fundi hana ruhusa ya kutengeneza gari kabla mteja hajaridhia. Nilipozitaka zile za zamani niliambiwa zimeshatupwa.

Narudi kwenye kaunta, maana sijalieleza jambo lile kama linavyostahili. Kijana yule, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alikuwa akizungusha funguo zangu kidoleni muda wote nilipokuwa nikizungumza. Hakuifungua kadi ya kazi. Alisema maneno yale kwa sauti, akamtazama mwenzake ili naye acheke, kisha akazitupa funguo juu ya kaunta, zikateleza zikaanguka sakafuni kwenye tope la theluji, nami nikainama kuziokota huku mwanangu akinitazama. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema "samahani, mama".

Fundi wa karakana nyingine aliliacha gari nje usiku kucha, bila kuchomeka waya wa umeme wa kupashia injini joto, na alfajiri akaunganisha kompyuta kabla ya kuliwasha. Gari lililolala nje namna hiyo, sensa (kifaa cha kupima joto) ya maji ya injini na sensa ya hewa inayoingia hupaswa kusoma karibu sawa. Ya hewa ilisoma nyuzi 26 chini ya sifuri. Ya maji ilisoma nyuzi 20 juu ya sifuri. Kompyuta ya gari, ikidanganywa kwamba injini ina joto, hupunguza petroli wakati injini inahitaji petroli nyingi zaidi, ndiyo maana likazima. Taa ya hitilafu haikuwaka kwa sababu nyuzi 20 ni kipimo cha kawaida, na kwenye karakana yenu yenye joto kilikuwa kipimo sahihi kabisa! Alibadilisha sensa, na gari halijazima tena. Kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko bili yenu.

Naomba mnirudishie dola 180 za upimaji usiofanyika. Naomba pia fedha za plagi pamoja na ufundi wake. Aidha, nataka barua ya kuniomba radhi, iliyotiwa saini na wewe pamoja na kijana yule, na isiwe ujumbe wa simu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, kadi ya kazi, risiti zote mbili na picha za vipimo vya sensa nitazipeleka AMVIC, wasimamizi wa biashara za magari Alberta, ambao ndio waliowapa leseni, na madai ya fedha nitayafungua mahakamani, safari hiyo yakiwa pamoja na gharama za kuvutwa gari na za fundi aliyefanya kazi mliyolipwa ninyi.

Wako,
Mteja wenu wa zamani