Tusiokoe hotuba tu

Ndugu Mhariri,

Kila kituo cha redio kinapoamua kuokoa kanda zake za zamani, huanza na hotuba za viongozi. Naomba mpangilio huo ugeuzwe. Hotuba ilichapwa gazetini, na nakala zake zimo katika ofisi tatu nne. Mkulima aliyehojiwa kuhusu mwaka wa njaa hakuandikwa popote. Kanda ile ikiharibika, inakwenda na lafudhi yake, majina ya vijito alivyovitaja, na jinsi watu wa upande ule walivyohesabu miaka.

Nimefanya kazi ya kunakili kanda kwa muda mrefu. Utepe wa sauti ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku unaoshikiliwa na gundi. Katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980, gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewani ikawa inanata. Ukiipiga kanda ya namna hiyo bila kuitayarisha, unga hubanduka ukagandamana na kichwa cha mashine, na sauti imetoka pamoja nao. Mafundi huziokoa kwa kuzikausha katika joto la nyuzi hamsini na kitu za Selsiasi kwa saa nyingi, kisha huzinakili upesi kabla hazijaanza kunata tena.

Mashine zenyewe ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitahadharisha kwamba kufikia takriban 2025 ingekuwa vigumu sana kuzipiga kanda hizi, kwa sababu vipuri na mafundi wanaadimika. Mwaka huo umeshafika. NASA yenyewe, shirika la anga la Marekani, ilifuta na kutumia upya kanda asilia za Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini. Kama kanda za mwezini hazikusalimika, za mkulima wetu zitasalimika kwa lipi?

Halafu kuna barua za wasikilizaji, ambazo hakuna anayezikumbuka. Humo ndimo msikilizaji alimsahihisha mtangazaji: kijiji hakikuitwa hivyo, mafuriko yale yalikuwa mwaka mwingine. Ukisoma barua huku unasikiliza kipindi kilichoizaa, unapata historia ambayo haimo katika kimojawapo peke yake. Mahali fulani nilikuta bahasha zimekatwa stempu zote, na muhuri wa posta ukaenda nazo. Barua nyingi hazikuandikwa tarehe ndani. Leo hatujui zilitoka wapi wala lini, na iliniuma sana.

Nakala zihifadhiwe kwa faili za WAV, zinazotunza sauti yote, si MP3 inayotupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo. Waliohojiwa, au jamaa zao, waulizwe kabla ya mambo yao ya siri kutangazwa upya. Hayo yanawezekana wakati wowote.

Lisilongoja ni majina. Kanda zisizo na maandishi ni nyingi kuliko zenye nayo, na wanaoweza kusema "huyu ni fulani, tulimrekodi chini ya mwembe ule" ni watayarishaji waliostaafu, nao wanazeeka. Vituo viwaite wiki hii, viwapigie kanda hizo moja baada ya nyingine, na pembeni awepo mtu wa kuandika.

Msomaji wako,
Mnakili wa kanda