Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: masika inakuja, kamati za maafa za vijiji ziamke sasa

Shikamoo Mheshimiwa DC,

Mimi ni mkazi wa huku tambarare ya Moshi Vijijini, ukanda wa Kahe, tunakolima mpunga na mahindi. Naandika hadharani sio kumchafua mtu yeyote, naandika kwa sababu tuko Februari na masika inaanza Machi, yaani muda wa kujipanga ndo huu na ukipita umepita. Ombi langu ni moja, unisamehe nitalieleza kwa kirefu kidogo: kamati za maafa za vijiji ziamshwe kabla mvua haijaanza, na kazi yao ya kwanza iwe kujua maji yanapita wapi na nani anampigia nani simu.

Watu wengi wasiokaa huku hawalijui hili, kwetu mafuriko yanaweza kuja na hata tone halijadondoka kijijini. Mvua inanyesha huko juu mlimani Kilimanjaro, Marangu, Kilema, Kirua, Old Moshi, alafu maji yanashuka na mito, Himo, Mue, Rau, Karanga, Weruweru, kila mto na watu wake. Kutoka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za huko juu, ni mteremko mkali, ghafla ardhi inakuwa bapa, maji yanapunguza mwendo na kuacha mchanga na magogo palepale mtoni, kina kinapungua mwaka hadi mwaka, ndo maana mvua ileile ambayo wazee wanasema zamani ilikuwa inapita zake leo inamwagikia mashambani. Umelala, nje nyota zinaonekana, unasikia muungurumo kwa mbali na harufu ya tope, ukishusha mguu kitandani unakanyaga maji.

Sasa Mheshimiwa, kati ya mvua kunyesha juu na maji kufika chini kuna masaa hapo katikati. Sio mengi lakini yapo, na yanatosha kabisa kumtoa bibi kitandani, kubeba watoto na gunia la mbegu. Hayo masaa ndo uhai wetu na kwa sasa yanapotea bure, kwa sababu mtu wa Kilema akiona mto umevimba hana namba ya mtu wa Kahe, na hata akiwa nayo hajui kama ni kazi yake kupiga. Kinachotakiwa hapa sio mradi wa mabilioni. Kila kijiji cha juu kilichopakana na mto kiwe na watu wawili wenye simu, kila cha chini wawili, namba zao zikae kwa watendaji wa vijiji na kata na ofisini kwako, na nguzo za madaraja zipakwe alama za rangi ili anayepiga simu saa nane usiku aseme "maji yamefika nyekundu" na sio "mto umejaa jaa". Bodi ya Maji Bonde la Pangani makao yake yapo hapo hapo mjini Moshi na kupima mito ndo kazi yake, naamini ukiwaita mezani watakuja. Na habari ikishafika huku chini tusitegemee simu tena maana usiku nyingi zimezimwa au hazina chaji, ipigwe mbiu, spika ya msikiti itumike, kengele ya kanisa ipigwe mpigo ambao sote tumekubaliana kwamba huu sio wa ibada.

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwakweli wanajitahidi, tahadhari zao tunaziona kwenye magrupu, angalizo rangi ya njano, tahadhari rangi ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Shida inaanzia pale tangazo linaposema mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara itapata mvua kubwa, mtu anatazama nje, anga jeupe, anaendelea kupalilia. Tangazo la mkoa mzima haliwezi kuniambia mimi nimfungue ng'ombe saa ngapi. Hiyo kazi ya kulishusha likawa maneno ya kitongoji ni ya kwetu huku chini, na hamna aliyekabidhiwa.

Nimemtaja ng'ombe kwa sababu. Kwenye mafuriko mifugo mingi inakufa ikiwa imefungwa. Jirani yangu alipoteza wawili wa maziwa, maji yenyewe hayakuwa marefu kivile, kifuani kwa mtu mzima hivi, lakini kamba ilikuwa fupi na vichwa vimeelekezwa kwenye hori, wangekuwa huru wangeogelea mpaka kwenye tuta. Asubuhi tuliwakuta bado wamefungwa. Jambo la kukata kamba halihitaji mtaalamu kutoka Dodoma, linahitaji mtu aliseme kwenye mkutano wa kijiji mwezi huu.

Usiku huohuo watu walikimbilia shule moja iliyo juu kidogo, kila mtu anajua pale maji hayafiki. Milango imefungwa na mwenye funguo anakaa mbali. Wamama na vichanga wamesimama barazani mpaka kunapambazuka. Wala simlaumu mwalimu, nani alimwambia kwamba shule yake ndo kimbilio? Hamna mahali palipoandikwa. Funguo ya pili ingekuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji jambo lingekuwa limeisha.

Mheshimiwa, haya sio ya kufikirika. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope na mawe vikashuka Katesh asubuhi asubuhi, wakafa watu zaidi ya 80. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji pale Muriet Arusha, watoto walikuwa wanaenda tu shule. Mwezi huohuo na Moshi yetu ikapigwa, na Waziri Mkuu akalieleza Bunge kwamba mvua za El Nino zimeua watu 155 nchi nzima. Tulizika, tulichanga, tuligawiwa magodoro na unga, tunashukuru sana. Lakini unga wa baada ya msiba na simu ya kabla ya msiba haviwezi kulingana thamani.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji, na ya wilaya mwenyekiti wake ni wewe. Kwenye vijiji vingi nchini kamati hizi ni majina kwenye daftari, wengine hawajui hata kama wamo! Ndo maana nasema ziamshwe, maana zishaundwa tayari.

Zikiamka zikae na wazee. Kuna babu huku ukimfuata atakuonyesha mto ulipokuwa unapita alipokuwa kijana, leo pana nyumba za bati jipya, ndani ni vijana waliouziwa kiwanja bei rahisi bila kuambiwa. Mto una tabia ya kurudi njia yake ya zamani. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni na tunaivunja sote, mnunuzi, muuzaji na aliyeshuhudia mauziano. Kabla ya kuja na greda la kubomoa, na ninaomba lisije, ichorwe ramani, hata kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: hapa maji yalifika goti, hapa dari, hapa kuna mlemavu anaishi peke yake, hapa kuna bibi asiyesikia. Ramani hiyo hamna satelaiti inayoweza kuichora.

Na wenzetu wa juu wasisahaulike, wao adui yao ni udongo. Same pale Goha mwaka 2009 kilima kilishuka usiku, familia nzima nzima zikafukiwa. Kwa anayekaa mtelemkoni Uru, Kibosho, Old Moshi, dalili zinajulikana: ufa mpya ardhini au ukutani, miti au nguzo zinaanza kuinama, chemchemi inatoa tope ghafla, au kijito kinapungua wakati mvua bado inanyesha, hapo ujue kimezibwa huko juu na kitaachia kwa mkupuo. Ukiona hivyo hamna kusubiri kukuche, unatoka na watoto, unapiga 114 ya zimamoto ukiwa tayari uko nje. Haya yangefundishwa mashuleni na kutangazwa makanisani Jumapili mbili tatu kabla ya Machi kuisha, watu wangeyashika. Ukame nao ni janga ila leo nauacha, maana una barua yake.

Kwahiyo Mheshimiwa tunaomba utoe maelekezo kwamba kila kijiji kilicho kandokando ya mto na kila kilicho mtelemkoni kifanye mkutano mkuu kabla Februari haijaisha, ajenda iwe hii peke yake, majina ya kamati yasomwe mbele ya watu, namba za simu za juu na chini zibandikwe ofisini, itajwe shule au kanisa la kukimbilia na mwenye funguo asimame aonekane. Alafu upige zoezi moja la kushtukiza usiku, simu itoke Kilema tuone inachukua dakika ngapi kufika Kahe. Siku hiyo ukija mwenyewe huku chini kuipokea tutafurahi sana, na chai ya maziwa itakuwepo.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mpunga, Moshi Vijijini