Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sindano Zikishatumika Nyumbani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu taarifa haitafuata mpangilio mliouzoea. Hesabu za fedha zimo kwenye karatasi ya mweka hazina mliyopewa mlangoni, ada ni ileile, na viongozi wa matawi ni walewale. Nafasi iliyobaki kamati imeamua iende kwa swali moja ambalo limeulizwa katika kila tawi letu la Dar es Salaam, na ambalo mpaka sasa tumekuwa tukilijibu nusunusu: sindano ya insulini, dawa ya kisukari tunayojichoma, ikishatumika nyumbani, iende wapi?

Anayetumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, akibadilisha bomba la sindano kila mara, anatoa mabomba 60 kwa mwezi, 730 kwa mwaka. Anayejichoma kabla ya milo mitatu na tena usiku anafika 1,460. Juu ya hayo weka lanseti za kutobolea kidole. Tunafahamu kwamba wengi mnarudia bomba kwa sababu ya bei, ingawa ncha hupinda na ngozi hufanya vinundu vinavyovuruga ufyonzwaji wa dawa. Hata hivyo bomba lililorudiwa nalo hutupwa hatimaye. Hospitali ina boksi la usalama la kutupia sindano, mhudumu aliyefundishwa na kichomea taka. Nyumbani kuna kiroba na kijana wa guta anayepita mara moja kwa wiki, akija.

Mwongozo wa Marekani unashauri kutumia chombo kigumu cha plastiki, kwa mfano chupa ya sabuni ya maji ya kufulia. Ushauri huo tuliwahi kuusambaza sisi wenyewe kama ulivyo, na kamati inakiri haukutosha. Kwetu chupa tupu ni mali. Chupa ya maji ya kunywa huuzwa kwa kilo, na dumu la mafuta ya kula ndiyo kabisa, maana litaoshwa na kutiwa mafuta ya taa. Mwokota chupa akikuta chombo kizuri kina sindano ndani hakiachi. Hufungua kizibo, humwaga vilivyomo, huondoka na chupa. Sindano zinabaki jalalani zimetapakaa, sasa bila hata chupa. Kwa hiyo anayejaza chupa vizuri na kuitia kwenye kiroba cha taka amehamisha hatari kutoka kwake kwenda kwa mzoa taka, kwa wale wa dampo la Pugu, na kwa watoto waliopo njiani kati ya hapa na kule.

Njia nyingine tatu zinazotumika mitaani zina kasoro zake. Ya kwanza ni kuchoma uani pamoja na majani. Bomba limetengenezwa kwa plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, ilhali chuma cha sindano kinahitaji nyuzi zaidi ya 1,400. Moto wa takataka haukaribii huko. Plastiki ikishaisha, sindano hubaki kwenye majivu ikiwa nzima na kali, imepoteza tu sehemu ya kuishikia. Majivu hayo ndiyo tunayomwaga bustanini. Ya pili ni choo cha shimo. Choo kikijaa, wazibuaji huingia, wengine kwa ndoo na miguu mitupu, na hakuna anayewaambia kilichomo. Ya tatu ni kukata sindano kwa mkasi. Kipande huruka, na kwa kuwa ni chembamba kuliko robo tatu ya milimita kwa mbali sana, hakionekani sakafuni mpaka mtu akikanyage.

Hatari yenyewe tuiseme bila kuikuza. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3. Sindano za insulini ni nyembamba na haziingii kwenye mshipa, hivyo damu inayobaki ni kidogo kuliko ya sindano za hospitalini. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na aliyekanyaga sindano jalalani hajui ilitoka kwa nani. Chanjo ipo, dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6. Wenye wasaidizi wa nyumbani wanaoshughulikia taka, wapelekeni.

Sasa chombo. Baada ya kujaribu aina mbalimbali, kamati inapendekeza kopo la plastiki la vidonge elfu moja, lile jeupe lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Zahanati na maduka ya dawa huyatupa kila wiki, mkiomba mtapewa. Plastiki yake ni nene. Pimeni kwanza: bomba lililosukumwa mpaka mwisho liingie lote bila kuinamishwa kwa nguvu, maana makopo mengine ni mafupi. Chupa ya maji ya kunywa haifai. Ukiibonyeza kwa dole gumba inabonyea na kulia, na sindano hupenya. Chupa ya kioo huvunjika. Kopo la bati la maziwa ya unga ni gumu, lakini kifuniko chake cha plastiki hufyatuka likianguka. Ukilazimika kulitumia, kifuniko kifungwe kwa utepe wa gundi siku ya kwanza, kibaki na tundu la kupitishia tu.

Kabla ya kuanza, chora mstari kwenye robo tatu ya urefu wa kopo na andika pande zote mbili kwa kalamu ya wino mzito: SINDANO, USIFUNGUE. Usingoje lijae ndipo uandike. Mtu wa kwanza kulifungua kwa udadisi huwa ni wa nyumbani. Liwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto, lakini karibu na mahali unapojichomea. Kopo likiwa chumba kingine, bomba litalazwa mezani "kwa dakika moja tu", na hapo ndipo ajali nyingi huanzia.

Ukimaliza kujichoma, bomba liende moja kwa moja koponi, ncha ikitangulia. Usirudishe kifuniko kwa mikono miwili. Ukiwa safarini au kazini na huna kopo, laza kifuniko juu ya meza, kichote kwa ncha ya sindano ukitumia mkono mmoja, kisha kibane dhidi ya kitu kigumu mpaka kikae. Beba kikopo kidogo kigumu cha kurudishia nyumbani. Kwa wanaotumia kalamu ya insulini, sindano ivuliwe kila baada ya kuchoma kwa kutumia kile kifuniko kikubwa cha nje. Ikiachwa juu ya kalamu, dawa huvuja, hewa huingia, na dozi inayofuata huwa si ile uliyoisoma.

Kopo likifika kwenye mstari limekwisha. Kushindilia ili ziingie tano zaidi ndiko kunakochoma vidole. Zungusha kifuniko, pitisha utepe wa gundi mara 3 kuvuka kifuniko na mwili wa kopo, andika tarehe.

Jambo ambalo wengi mmekosea, na ambalo limetuletea malalamiko kutoka kwa wahudumu wa vichomea taka: msichanganye. Kopo la sindano liwe na sindano na lanseti peke yake. Vichupa vya insulini visiingie humo. Kichupa kilichofungwa kikipata moto hupasuka, na kioo kikiyeyuka huziba chekeche la chini, kichomea kikakosa hewa na kuanza kutoa moshi mweusi. Betri za kipimo cha sukari nazo zisiingie. Vijiti vya kupimia sukari vifungwe kwenye mfuko na kwenda na taka za kawaida.

Tuje kwenye safari ya mwisho, ambayo ndiyo kazi ngumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na miongozo ya taka za huduma za afya imeandikwa kwa ajili ya vituo. Sindano ya nyumbani imeanguka katikati ya hizo mbili. Wanachama waliopeleka makopo kwenye vituo vya jirani mwaka huu walipata majibu tofauti: kituo kimoja kilipokea bila neno, kingine kilimrudisha mwanachama mlangoni na dumu lake. Kabla ya kulaumu, tuangalie upande wao. Maboksi ya usalama hununuliwa kwa bajeti ya kituo. Lile la lita 5 huchukua takriban mabomba 100 ya kawaida. Mhudumu haruhusiwi kuhamisha sindano kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na akiletewa dumu la lita 5 lisilo na maandishi hajui kama ndani kuna sindano, vioo au petroli. Wala dumu hilo halipiti kirahisi kwenye mlango wa kichomea kidogo cha matofali.

Hoja yetu kwao inapaswa kuwa ya uzito. Kichomea cha muundo wa De Montfort, kidogo kile chenye vyumba viwili, huchoma takriban kilo 12 kwa saa. Mabomba 100 matupu ya insulini hayafiki nusu kilo. Mwanachama mmoja mwenye kopo moja lililofungwa, lenye maandishi na lisilo na kioo ndani, hamwongezei mhudumu kazi ya maana. Akija siku ya kliniki yake ya kisukari, hata safari ya ziada hakuna.

Kwa wanachama wa matawi ya nje ya mji ambako hakuna kichomea karibu, ipo njia ya saruji. Tumia kopo lisilozidi lita 2, lijae robo tatu. Changanya sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga laini uliochekechwa, na maji mpaka iwe kama uji mzito. Usipochekecha, kokoto zitaziba mdomo na chini kutabaki na nafasi. Mabomba ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yataelea na kujitokeza juu. Mimina nusu kwanza, gonga kopo pembeni hewa itoke, acha ishike hadi kesho yake, ndipo umalizie nusu ya pili. Likikauka kabisa, funga, fukia mahali pasipolimwa, kina ambacho jembe halifiki, na mita 50 au zaidi kutoka kisimani. Ni kazi, na kwa mtu wa mjini mwenye kituo cha afya jirani haina sababu.

Mtu akichomwa na sindano isiyo yake, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asiminye jeraha, asipake jiki. Aende kituoni siku hiyohiyo. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28. Aseme wazi kwamba ni sindano iliyookotwa na kwamba hajui ya nani.

Kamati inaleta kwenu maazimio matatu ya kupigiwa kura leo mchana. Kila tawi litume watu wawili kwa mganga mfawidhi wa kituo chake wakiwa na kopo la mfano mkononi, kuomba siku maalumu ya kupokea, na jibu liandikwe kwenye daftari la tawi hata likiwa la kukataa. Chama kiandike kwa halmashauri kuomba kituo kimoja cha kupokelea kwa kila kata, tukiambatanisha majibu hayo. Na sehemu ya fungu la uchapishaji wa kalenda inunue lebo nyekundu zenye gundi kwa ajili ya makopo. Najua kuna wanaoipenda kalenda. Lebo inakaa juu ya kopo ambalo mzoa taka atalishika, kalenda haikai huko, na hilo la tatu naomba lijadiliwe kwanza kwa sababu mpiga chapa anasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti