Barua kwa Zuhura kuhusu picha ya ubongo wa Baba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Naomba radhi kwa kimya cha miezi miwili. Barua yako ilinifika, nikaisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale ulipoandika kwamba picha ya pili ya ubongo wa Baba haionyeshi nafuu yoyote, ilhali katika ukurasa huo huo unasema ameanza kuwaita wajukuu kwa majina yao.

Nakusihi usiipe picha hiyo uzito isiokuwa nao. Inaonyesha umbo, na sehemu iliyokufa kwa kiharusi haifufuki, kwa hiyo kovu litaonekana hata miaka kumi ijayo. Kazi ya ubongo ina mwendo wake mwingine. Seli za neva, ambazo kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa bilioni 86, hupelekeana ishara ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, na makundi yake hushirikiana na kuachana mchana kutwa juu ya nyuzi zile zile, kama wasafiri wanaobadili njia ilhali barabara hazijahama.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na neno "tan" tu, ambaye ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo wengi wamedhani kwamba kila kazi imepigiliwa misumari mahali pake. Mahali pana maana kubwa, sikatai, lakini wagonjwa wengi hurudiwa na maneno kwa kiasi fulani, kwa kuwa sehemu zinazolizunguka kovu, na pengine hata upande wa kulia, hujifunza kubeba mzigo ambao haukuwa wao.

Tena kazi ikirudiwa siku nyingi, umbo nalo huifuata. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kuhusu watu wazima wenye afya waliojifunza kwa miezi mitatu kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu. Sehemu za ubongo zinazofuatilia vitu vinavyokwenda zilikuwa zimeongezeka, na walipoacha mazoezi kwa miezi mitatu mingine, ongezeko hilo likapungua. Baba si mmoja wao, najua, na kovu lake si jambo la mipira. Hata hivyo ni kule kupungua kunakonikosesha usingizi tangu Salma aliponiambia kwamba mnafikiria kusimamisha mazoezi ya kusema kwa sababu ya picha. Ni kweli nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno baada ya miaka. Msiyasimamishe, Zuhura. Pimeni kwa majina ya wale watoto, wala si kwa kovu.

Je, alimwita nani kwanza? Hulitamka jina peke yake, au mpaka mumwanzishie silabi? Anapokosa neno hukasirika, au hunyamaza tu? Bado anaweza kuimba? Na mtaalamu wa tiba ya usemi, yeye mwenyewe amesema mazoezi yakome, au ni mashauri ya nyumbani tu? Hili la mwisho nijibu mapema, hata kwa mistari miwili, kabla hamjaamua.

Rafiki yako akupendaye,
Neema