Barua ya wazi kwa vijana wachoraji: mkiambiwa mchore muziki msikimbilie gitaa

Wanangu, salamu kwenu wote, mnaochora kwenye kanvasi, mnaochora kuta na mageti na vioo vya daladala, na nyie wa kwenye tableti msijione mmeachwa, barua ni yenu pia.

Nimekua nikiangalia kazi zenu kila mnapopewa mada ya muziki na nimeona nisinyamaze. Mnachora gitaa. Au msanii maarufu kashika maiki kafumba macho, au ngoma na mama anacheza. Mikono yenu ni mizuri sana hilo sibishi, nywele zinaonekana moja moja, jasho linang'aa, lakini nikisimama mbele ya picha sisikii kitu, gitaa lipo muziki haupo. Nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa muziki unaweza kumfundisha mchoraji jinsi ya kupanga picha yenyewe, sio kumpa tu kitu cha kuchora.

Kuna huyu bwana Paul Klee, mimi ndo nampenda kuliko wote. Kazaliwa 1879 karibu na Bern, Uswisi, baba mwalimu wa muziki, mama mwimbaji, na yeye fidla kaishika mdogo sana mpaka akiwa bado mtoto anapiga na okestra ya mji. Angeweza kuishi na fidla maisha yake yote, akachagua rangi, ila fidla hakuiacha. Mke wake Lily alikua mpiga piano na ndo alikua anafundisha watu piano nyumba iende wakati picha za mume bado haziingizi kitu (hili naliandika makusudi, tunapenda kumsifia mchoraji tunamsahau aliyekua analisha familia). Sasa tafuteni picha yake ya 1921 inayoitwa Fuga kwa Rangi Nyekundu. Nyie mnaoimba kwaya fuga mnaijua hata kama jina hamlijui, sauti moja inaanza na wimbo wake, haijamaliza ya pili inaingia na wimbo ule ule, halafu ya tatu, zote zinatembea pamoja na hakuna inayomezwa. Klee kafanya ivyo ivyo kwa maumbo, kuna la duara, kuna la pembe, kuna kama mtungi, kila moja linarudiwa na kurudiwa likipandiana na lenzake, kutoka kwenye giza mpaka linakua la waridi, na yote yanapita kwa pamoja. Hakuna fidla mle ndani wala mwimbaji. Miaka kumi na moja baadae, 1932, akachora Ad Parnassum, kubwa kidogo, mita moja kwa mita moja na robo hivi, chini kuna mabaka mapana ya rangi, juu yake vidoa vidogo vidogo maelfu vimepangwa kama vigae, halafu juu kabisa mistari michache na duara moja la chungwa. Tabaka tatu na kila tabaka lina mwendo wake. Mtu anayesikia sauti nne za kwaya bila kuzichanganya ndo anaweza kupanga kitu kama kile, na hapo ndipo ninapotaka mfike.

Kandinsky, yule mchoraji wa Kirusi, mnamjua wengi. Januari 1911 alienda kwenye konsati ya muziki wa Arnold Schoenberg mjini Munich, akatoka pale akachora picha ambayo piano imebaki bonge moja jeusi, watazamaji ni vistari tu vimeinama, na sehemu kubwa imekaliwa na manjano tupu. Manjano ile ndo muziki. Huyo huyo aliandika kwamba bluu nyepesi ni filimbi, ikikolea inakua selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito), manjano ni tarumbeta, na kadhalika, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana nimeona watu wanaisambaza kama sheria. Sio sheria wanangu. Warusi wawili watunzi wakubwa, Scriabin na Rimsky-Korsakov, kila mmoja alikua anaona rangi akisikia kii fulani (yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake), ila kii ya C mmoja anaona nyekundu mwingine anaona nyeupe, kwenye D ndo wakakubaliana kuwa ni njano. Kama wao hawakuelewana, asije mtu akawauzia chati. Sikio lako litakupa rangi yako.

Na Mondrian, mchoraji wa Kiholanzi, huyu ananigusa mimi kama mzee mwenzake. Kafika New York 1940 akikimbia vita, ana miaka 68, na kwa karibu miaka ishirini alikua anachora mistari myeusi iliyonyooka na miraba ya nyekundu, bluu na njano. Akaipenda bugi-wugi, ile piano ambayo mkono wa kushoto unarudia kitu kimoja bila kuchoka na wa kulia unacheza juu yake. Basi kati ya 1942 na 1943 akatoa picha ambayo mistari myeusi haipo tena, imekua ya njano iliyokatwakatwa na vimraba vidogo, jicho likitua hapa linarushwa pale. Akafariki Februari 1944. Mzee mgeni kwenye mji wa watu kabadili mkono wake kwa sababu alisikiliza, na wewe una miaka 22 unaniambia ushapata staili yako.

Sisi vitu vya kusikiliza tunavyo. Sebene likianza gitaa la ridhim linarudia kijipande kile kile, solo linaingia juu yake, besi anatembea chini kivyake. Kwenye taarabu fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) zinajibizana muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na ule muda wa kumngoja una uzito wake. Mnapojaza kanvasi kona hadi kona hamjaacha mahali pa kungoja.

Kwa iyo fanyeni hivi. Acheni kuchora huku nyimbo zinajibadilisha zenyewe sikioni, chagua moja. Isikilize bila brashi mkononi, fuata besi peke yake mpaka mwisho, rudia ufuate ridhim, rudia tena utafute wapi kunanyamaza. Ndo uchukue rangi tatu, usichore mtu, usichore chombo cha muziki. Mwenye nafasi aingie kwaya au ajifunze chombo chochote, hata vibaya.

Zikiwa tayari nileteeni nizione. Nitawauliza sauti ya kwanza inaanzia wapi na ya pili inaingilia wapi, na mtanionyesha kwa kidole.