Lisianthasi Dodoma inakubali, ila sio kila mwezi

Mhariri salaam,

Naomba nafasi niongelee haya maua ya lisianthasi ambayo siku hizi hapa Dom kila mwenye kibustani anayaulizia. Sababu iko wazi, toka serikali ihamie huku harusi, sendofu na vikao haviishi, maua mabichi mengi yanakuja na basi kutoka Arusha yakifika yameshachoka, na hili ua ukiliweka kwenye maji safi linakaa wiki 2 na zaidi, tena ukiliona kwa mbali unaweza kusema ni waridi ila miiba halina. Sasa wauza mbegu wameona upenyo, mtu anaambiwa we panda tu muda wowote maji si yapo. Hapo ndo nabisha.

Lisianthasi ni ya ukoo wa jentiani, na wengi wa ukoo huo ni watu wa baridi, ndugu zake wapo hata Mlima Kilimanjaro kule juu miti inakoishia. Yenyewe kwao ni nyika za kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, Wajapani wakaipata miaka ya 1930 wakaichambua na kuizalisha mpaka leo tuna nyeupe, pinki na zile zenye petali za kujazana. Watu wanasema mbona kwao kuna jua, Dodoma si ndo penyewe? Sikatai, mmea mkubwa jua unalivumilia, mche ndo hauwezi. Wiki zile za mwanzo mche ukikutana na joto la kama nyuzi 28 kwenda juu, na usiku nao haupoi, unajikalia chini kama kabichi, majani yanajipanga duara na bua halipandi, hata umwage mbolea gani. Watu wanalaumu udongo (wengine jirani!) kumbe tatizo ni kalenda.

Kwa huku kwetu mi naona mbegu tuzisie mwezi Mei. Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 14 hivi, mche unajenga mizizi taratibu, Julai unauhamisha ukiwa na jozi 2 za majani ya kweli (sio yale mawili yanayotoka na mbegu) maana ukichelewa mzizi mkuu unajikunja kwenye trei na hauji kunyooka tena, alafu maua ni Oktoba au Novemba, yaani miezi 5 au 6 toka kusia. Ukianza kusia Oktoba imekula kwako. Mbegu zenyewe ni vumbi, gramu 1 inabeba kama 19,000, ndo maana nyingi zinauzwa zikiwa zimevikwa udongo ili zishikike, na usizifukie kwa sababu zinataka mwanga ili ziote, weka juu ya koko piti (unga wa makumbi ya nazi), pulizia maji kama ukungu, kwenye siku 10 mpaka 14 zinatokeza.

Shambani weka shedi neti (ule wavu wa kivuli) na wavu wa kushikilia mabua, upepo wetu mnaujua. Maji yapite kwenye dripu, yakituama mizizi inaoza. Na sio ua la kung'oa baada ya mavuno, linaishi zaidi ya msimu mmoja, ukikata bakiza jozi 2 za majani chini linachipua tena, mkupuo wa pili mabua ni mafupi ila ya kupambia meza yanatosha kabisa.

Ombi langu kwenu, mkiandika kilimo cha maua wekeni na miezi ya kila kanda, ya Lushoto au Njombe huku haitufai. Na wauza mbegu waandike kwenye pakiti ni aina ya kundi gani, kwa sababu zipo za kuwahi zinazofaa majira ambayo mchana ni mfupi na zipo zinazochelewa ambazo joto zinalimudu, na hizo za kuchelewa ndo tunazozihitaji sisi. Sasa hivi pakiti imeandikwa lisianthasi nyeupe, basi.

Mkulima wa bustani,
Nzuguni, Dodoma