Mkufunzi naye apelekwe maabara

Ndugu Mhariri,

Chuoni kwetu huku Kigoma kuna osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, iliyokaa kabatini zaidi ya mwaka, bado imo kwenye nailoni yake. Si mbovu. Hakuna anayeigusa, na mimi mkufunzi wa fizikia nimo, kwa sababu hakuna aliyewahi kutukalisha mbele yake. Ikiungua, nani atalipa?

Mwaka jana tuliitwa semina ya siku tatu. Ukumbi mzuri, chai na sambusa, posho tukasaini. Siku zote tatu tukatazama picha ukutani: picha ya kifaa, picha ya grafu, picha ya watu waliovaa makoti meupe. Waya hata mmoja sikuushika. Cheti nilipewa.

Marekani kuna umoja wa walimu wa maabara za fizikia ya ngazi ya juu, unaitwa ALPhA. Wao humpeleka mwalimu wa chuo kwa mwenzake aliyebobea, akakaa siku mbili tatu na jaribio moja tu, analifanya kwa mikono yake mpaka aweze kwenda kulisimamisha chuoni kwake. Wapo wanaojifunza kupima uhai wa muoni, chembe zinazotushukia kutoka angani na kudumu kwa wastani wa mikrosekunde 2.2.

Sisi hatulazimiki kuanzia kwenye muoni. Konstanti ya Planck, ile namba inayounganisha nishati ya mwanga na rangi yake, hupimwa kwa taa ndogo za LED, betri na ile mita ya fundi redio: unapandisha volti taratibu mpaka taa ianze kuwaka, unaandika, unahamia rangi nyingine. Nilijaribu nyumbani usiku. Taa ya kwanza niliiunguza, nilisahau rezista, kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme. Ya pili, nyekundu, ilianza kuonekana kwenye volti 1.6. Urefu wa wimbi nilikadiria nanomita 630, maana aliyeniuzia hajui. Nilipokokotoa konstanti hiyo nikapata 5.4 × 10⁻³⁴ badala ya 6.63 × 10⁻³⁴.

Nilihangaika siku kadhaa kabla ya kung'amua kwamba jicho lililozoea giza huona mwanga mapema mno, na kwamba rangi moja haitoshi. Inabidi kuchora grafu ya rangi nne au tano na kuchukua mteremko wake. Mtu aliyewahi kulifanya jaribio hilo angenieleza kwa dakika mbili, tena kabla sijaunguza taa.

Kwa hiyo naomba wanaopanga semina hizi: fedha ya ukumbi itupeleke wanne wanne kwenye maabara inayofanya kazi, kila mmoja akabidhiwe jaribio moja na arudi na vifaa vyake. Na fundi sanifu wa maabara aje pia. Mara zote huachwa, wakati funguo za kabati anazo yeye.

Mkufunzi wa Fizikia,
Kigoma